Mbalamwezi ni Zamu ya Mgongo

Maneno aliyozungumza mtaalamu wa fiziotherapia mbele ya wavuvi, wachukuzi na akina mama wa dagaa, mwaloni Kirumba, Mwanza

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu wa dagaa, shikamooni. Vijana wa mitumbwi, poleni na kazi. Mwangaluka wote.

Mwenyekiti wa BMU, kikundi cha kusimamia ufukwe, amenipa nusu saa, na amenitahadharisha kwamba gari la barafu likiingia hapa nitabaki nawahutubia korongo. Basi siwazungushi.

Siku ya leo niliichagua mwenyewe. Mwezi umejaa, taa hazivuti dagaa, mitumbwi iko mchangani na nyinyi mko nchi kavu. Ningekuja wakati wa giza ningewapata wapi? Usiku mko majini, mchana mmelala au mnagombania bei. Suala hili la mwezi nitalirudia, kwa sababu ndilo lililonifanya nikubali kuja.

Mwaliko wenu ulikuja na swali. Mmesema kuna tiba ya kunyoosha mgongo inaitwa kairopraktiki, mnaiona kwenye simu, na kuna watu wanawaambia kwamba ukiwa unakwenda kila mwezi, mwaka hadi mwaka, mgongo hautakusumbua tena. Mkauliza: je, tuchange kwenye kikundi tuwe tunapelekana? Nimefurahi mmeuliza kabla ya kuchanga. Kwa kawaida naulizwa hela ikishakwenda.

Video zenyewe nazijua. Mtu amelala kifudifudi, mwenye koti jeupe anamgandamiza, mgongo unalia kakakaka, mtu anainuka machozi yanamtoka kwa furaha. Tuanze na huo mlio, maana ndio unaouza. Mlio ule si mfupa unaorudi mahali pake. Ndani ya kiungo kuna ute, na ndani ya ute kuna gesi iliyoyeyuka. Kiungo kikivutwa ghafla, mgandamizo wa ule ute unashuka, gesi inajitenga, na hapo panatoka mlio. Ni uleule unaoutoa ukialisha vidole. Pingili zako hazikuwa zimehama. Zingekuwa zimehama kweli usingekuja kwangu kwa miguu yako, ungeletwa umebebwa.

Tiba hii ilianza Marekani mwaka 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa. Mwanzilishi aliitwa Daniel David Palmer. Hakuwa daktari wa hospitali. Alikuwa akijitangaza kuponya watu kwa nguvu ya sumaku iliyo mwilini. Mgonjwa anayetajwa kuwa wa kwanza ni Harvey Lillard, mfanya usafi katika jengo alimofanyia kazi Palmer, mtu ambaye masikio yake yalikuwa mazito. Palmer akasema amemsukuma pingili ya mgongo na masikio yakafunguka. Mshipa wa fahamu wa kusikia unatoka sikioni kwenda kwenye ubongo humohumo ndani ya fuvu, mgongoni haupiti. Lakini Palmer alishaondoka na nadharia yake: akadai magonjwa 95 katika kila 100 yanatokana na pingili zilizoteleza.

Nawaeleza historia hii kwa sababu mpaka leo kuna watu wa aina mbili wanaotumia jina hilohilo. Wapo waliosoma chuo kikuu kwa miaka mingi, wanajua mwili, wanashughulika na mgongo, shingo na viungo, na akiona ugonjwa usio wake anakuandikia barua uende hospitali. Kwa bara letu watu hao wanafundishwa Afrika Kusini, katika vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg. Kazi yao na yangu zinakaribiana sana, na sina ugomvi nao. Halafu wapo waliobaki na Palmer wa 1895: watakuambia wananyoosha mgongo ili kutibu pumu, presha, degedege la mtoto, hata utasa. Huyo wa pili akikualika, mshukuru, rudi nyumbani.

Sasa, je, kunyooshwa mgongo kunasaidia? Kunasaidia, kwa kiasi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu ya muda mrefu ya sehemu ya chini ya mgongo mwezi Desemba mwaka 2023. Humo, tiba ya mikono ya kunyoosha pingili imetajwa miongoni mwa mambo ambayo mgonjwa anaweza kupewa. Kuchua kumetajwa pia. Lakini havikusimama peke yake. Vimewekwa pamoja na kumwelimisha mgonjwa, mazoezi yenye mpangilio, kuzungumza naye kuhusu hofu na msongo wake, na dawa za kutuliza kwa uangalifu. Na watafiti walipolinganisha kunyoosha mgongo na tiba nyingine zinazokubalika, mazoezi yakiwemo, walikuta matokeo yanakaribiana. Kwa hiyo anayekuambia njia ni yake tu, anakuuzia.

Maumivu haya si ya Mwanza peke yake. Shirika hilohilo linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba ifikapo 2050 watakuwa milioni 843. Hakuna ugonjwa mwingine unaowaweka watu wengi zaidi nje ya shughuli zao. Na kwa wagonjwa takriban 9 kati ya 10 hakuna kitu kimoja unachoweza kukionyesha kwenye picha ukasema, hiki hapa. Kuna misuli iliyochoka, usingizi mbovu, mzigo uliozidi, mawazo ya ada ya shule, vyote vimeungana. Ndiyo maana mtu mmoja mwenye mkono hodari hawezi kuvimaliza kwa kukugandamiza.

Nakuja kwenye ile ya "kila mwezi maisha yako yote". Hili limechunguzwa, na naomba mnisikilize vizuri kwa sababu jibu lake lina pande mbili.

Watafiti wa Sweden, mwaka 2018, walichapisha matokeo ya utafiti wa wagonjwa 328. Wote walikuwa na maumivu ya kiuno yanayokwenda na kurudi, na wote walikuwa wameshapata nafuu kwa tiba ya kairopraktiki. Wakagawanywa. Kundi moja likapangiwa kurudi kwa ratiba, iwe wanaumwa au hawaumwi. Kundi jingine likaambiwa, mrudi mkiumwa. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa na ratiba walikuwa wamepata siku pungufu za maumivu, kama 13 hivi kwa mwaka, na walikuwa wamekwenda kutibiwa mara moja au mbili tu zaidi ya wenzao. Siku 13! Kwa mchukuzi anayelipwa kwa siku, hiyo si hela ya kudharau.

Huo ndio upande wa kwanza, na wauzaji wanaishia hapo. Upande wa pili: watafiti haohao walirudi kuchambua ni nani hasa aliyefaidika. Wakakuta ni wale waliokuwa na maumivu makali, yanayowavurugia maisha, na wanaohisi hawana uwezo wowote juu yake. Hao walipata nafuu kubwa, kama siku 30 pungufu. Lakini wale ambao maumivu yao yalikuwa ya wastani na walikuwa wanajimudu, ratiba haikuwapa chochote. Walikwenda mara nyingi zaidi bila faida.

Kwa hiyo mkinibana nijibu swali lenu kwa kifupi: mchango wa kikundi kizima, hapana. Kwa mtu mmojammoja ambaye mgongo umemrudia na kumrudia, umemwondoa kazini, na ambaye alishatibiwa kwa mikono akaona nafuu, ndiyo, miadi ya kila mwezi au kila miezi mitatu kwa mtu aliyesomea ni sehemu halali ya matunzo yake. Lakini ni sehemu tu. Na kila baada ya miezi kadhaa aulize: bado inanisaidia?

Kuna mfano mmoja mtapigwa nao. "Gari linakwenda gereji kila baada ya kilomita elfu kadhaa, kwa nini mgongo wako usiende?" Unaingia akilini haraka. Lakini gari halijiponyi. Gari likikwaruzwa leo, mwakani mkwaruzo upo. Wewe ukikatwa na wavu kidole, baada ya wiki ngozi imeziba bila fundi. Mgongo nao ni mwili. Maumivu mengi ya ghafla ya kiuno hupungua sana ndani ya wiki chache hata usipofanya la ajabu, mradi usilale kitandani ukaganda. Na gari likitumika sana linachakaa, ilhali msuli ukitumika kwa kiasi unaongezeka nguvu. Kwa hiyo huo mfano wa gereji unamfaa mwenye gereji.

[Kicheko.]

Kabla sijafika kwenye mwezi, kuna jambo ambalo hata gari la barafu likiingia sitaliacha. Kuna mgongo ambao haupaswi kunyooshwa na mtu yeyote, si mwenye koti jeupe, si mkandaji wa mtaani, si mimi, mpaka hospitali imeuona kwanza.

Ukipata ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, sehemu ile inayogusa tandiko ukipanda baiskeli, au mkojo ukagoma kutoka, au choo kikakutoka bila kujua, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Usisubiri asubuhi. Mishipa ya fahamu iliyo mwisho wa uti wa mgongo inabanwa, na kila saa inayopita inapunguza uwezekano wa kurudi ulivyokuwa. Nenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Ukiwa visiwani, tafuta usafiri wa kuvuka usiku huohuo.

Miguu ikiishiwa nguvu, mmoja au yote, ukawa unaburuza, usikandwe. Hapa kwetu ziwani naongeza neno ambalo kitabu cha Ulaya hakitakuambia kwanza: kichocho. Sote tunajua kichocho cha tumbo, tunajua dawa ya prazikwanteli inayogawiwa shuleni. Mara chache mayai ya mdudu huyo yanafika kwenye uti wa mgongo. Mtu, mara nyingi kijana, anaanza na maumivu ya kiuno, kisha ndani ya siku au wiki miguu inalegea na mkojo unasumbua. Ugonjwa huu una tiba ukiwahiwa. Ukipita kwanza kwa wakandaji watatu, muda umekwisha. Mwambie daktari kwamba wewe ni mvuvi na unaingia ziwani. Usidhani ataotea.

Na kifua kikuu. Wengi wanadhani TB ni ya kikohozi tu. Inaweza kuingia kwenye pingili. Mgongo unauma usiku na mchana, hata ukipumzika. Unapungua uzito, unatoka jasho usiku, homa za jioni, na ukiachwa kinatokeza kibiongo. Pingili hiyo imeliwa kwa ndani. Mtu akiigandamiza anaivunja. Vipimo na dawa za TB ni bure nchini, msiogope. Kadhalika aliyeanguka kutoka juu au kupata ajali ya bodaboda, aliyewahi kuugua saratani, mzee ambaye kiuno kimeanza kumuuma ghafla bila sababu: hospitali kwanza.

Kuhusu shingo, kuzungushwa kwa nguvu na ghafla mimi sikushauri, hasa kwa vinyozi. Mnajua vile kinyozi akimaliza anakushika kidevu na kisogo, anakuzungusha kaka! Mishipa miwili ya damu inayopanda kwenye ubongo imepita ndani ya pingili za shingo. Ni nadra, lakini ukuta wa mshipa ukichanika, unaondoka pale na kiharusi. Mwambie kinyozi nywele zinatosha.

Haya, mwezi.

Tatizo la mgongo ukishapona ni kwamba unarudi. Karibu watu 7 kati ya 10 waliopona hurudiwa ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo matunzo ya muda mrefu si maneno ya matajiri. Ni lazima yawepo. Ubishi wangu ni juu ya nani anayafanya. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya utafiti kutoka Australia, watu 701 waliokuwa ndio kwanza wametoka kwenye maumivu ya kiuno. Kundi moja lilielekezwa na mtaalamu wa fiziotherapia, wakaongeza kutembea kidogokidogo mpaka kufika kama dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki, pamoja na elimu ya mgongo. Kundi la pili halikupewa kitu. Walioachwa, katikati ya kundi lao maumivu yalirudi baada ya siku 112. Waliotembea, baada ya siku 208. Kutembea tu! Hakuna kitanda, hakuna koti jeupe, na kutoka hapa Kirumba hadi kwenye kivuko cha Kamanga ni bure.

Mtaniambia, daktari (mimi si daktari, lakini mmeshaniita), sisi hatuna hizo siku tano kwa wiki. Mvuvi wa dagaa usiku kucha amekaa kwenye ubao, ameinama kwenye taa, ukifika wakati wa kuvuta anavuta akiwa amejipinda upande mmoja, na asubuhi anashusha ndoo. Kumwambia mtu huyo akatembee nusu saa baada ya hapo ni kumtukana. Nakubali. Ratiba ya wiki ilitungwa na watu wa ofisini. Nyinyi mna kalenda yenu, na ni nzuri kuliko yao: giza na mbalamwezi. Basi mgongo tuupangie kwa mwezi.

Siku za giza, usijaribu kujenga nguvu. Kazi inatosha. Fanya vitu viwili. Kwenye mtumbwi, kila mnapongoja dagaa wakusanyike kwenye taa, simama kwa zamu, shika ukingo, jinyooshe nyuma mara chache, geuka upande ule ambao huvutii. Na badilishaneni pande za kuvuta. Anayevuta kushoto leo kesho avute kulia. Najua kila mtu ana upande wake na ameuzoea kama urithi wa baba yake, lakini huo upande ndio unaomuuma. Ukifika nchi kavu, kabla ya kulala, tembea taratibu dakika chache mpaka mwili upoe. Basi.

Siku za mbalamwezi ndizo za kujenga. Siku mbili za kwanza lala, usingizi ni dawa na mnaudai. Baada ya hapo tembea kila siku, asubuhi kabla ya jua kali, mwendo wa mtu anayewahi meli. Kisha mazoezi matatu, nitawaonyesha sasa hivi hapa mchangani. La kwanza unalala chali, magoti umeyakunja, unainua makalio mpaka mwili unyooke, unashikilia, unashusha. La pili unapiga magoti na mikono, unanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha kinyume. La tatu ni kuchuchumaa na kuinuka ukiwa umebeba kitu, anza na ndoo nusu. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, kwa hiyo unajua hasa unabeba nini, na kila mbalamwezi unaongeza kidogo. Si kwamba haya matatu yana uchawi. Utafiti haujapata zoezi moja linaloyashinda mengine. Linaloshinda ni lile unalolifanya. Vijana mnaocheza mpira mbalamwezi, endeleeni na mpira.

Na kama wewe ni yule niliyemtaja, mwenye mgongo unaorudirudi, miadi yako ya fiziotherapia au ya kairopraktiki iweke wakati wa mbalamwezi. Mtu wa Ukerewe anayepanda meli kutoka Nansio kuja kushikwa mgongo dakika 20, kisha usiku huohuo anaingia ziwani kuvuta nyavu, amelipa nauli ya bure. Njoo mwili ukiwa umepumzika, tiba ipate siku kadhaa za mazoezi mbele yake.

Mama zangu wa dagaa, nyinyi mwezi hauwapumzishi kabisa, nalijua hilo. Kuna maji, kuni na watoto. Kwenu la kwanza ni kuinuka kutoka mchangani. Kugeuza dagaa waliotandazwa chini kunamaanisha kuinama kutoka kiunoni saa nzima, magoti yamenyooka. Wataalamu wa uvuvi wanahimiza chanja kwa ajili ya usafi na bei nzuri. Mimi naihimiza kwa ajili ya kiuno: jengeni chanja za kimo cha kiuno, si cha goti. Kikundi kikitaka kuchanga, kichangie mbao na nyavu za chanja kabla ya kuchangia miadi ya mtu yeyote.

Wachukuzi, kwenu nina maneno machache tu, kwa sababu tatizo lenu si mgongo, ni gunia. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mtu mzima mwanamume asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, imepigwa marufuku na bado naiona pale kwenye lori. Mkanda wa kiuno mnaouziwa hausaidii kwa muda mrefu. Ule mwongozo wa 2023 umesema waziwazi usitolewe kwa kawaida. Hizo dawa za maumivu, diklofenaki, za kumeza kila asubuhi kabla ya kazi, tumbo tupu, miezi mfululizo, zinatoboa tumbo na kuchosha figo. Siku chache ukibanwa, kwa ushauri, sawa. Kuzifanya chai, hapana.

Wakandaji wa mwaloni nao nisiwasahau, maana naona wawili hapa. Kuchua kwa mafuta na mikono yenye huruma, mtu akalala usingizi mzuri, endeleeni. Kupinda shingo, kupiga magoti juu ya mgongo wa mtu, kuendelea na mtu mwenye ganzi au miguu iliyolegea, acheni leo. Na yeyote atakayefungua ofisi mjini akajiita mtaalamu wa mgongo, muulizeni alisoma wapi, amesajiliwa na baraza gani, na atajuaje kwamba mgonjwa amepona. Akisema lazima ulipie miadi 40 kwa mkupuo ndiyo punguzo lianze, jibu mmeshalipata.

Maswali. Mama pale.

Ameuliza kuhusu mume wake kukanyagwa mgongo na mtoto jioni. Mtoto mdogo, anakanyaga polepole kwenye nyama pembeni ya uti, baba anapata raha: sina neno. Kijana wa kilo 60 asimpande mtu. Na mzee asikanyagwe kabisa. Mifupa ikishadhoofu pingili inaweza kubonyea.

Kijana wa bodaboda anasema yeye hana mbalamwezi. Kweli. Wewe kijiwe ndiyo mbalamwezi yako. Unapongoja abiria usikae juu ya pikipiki, shuka. Simama, tembea mpaka kwa muuza kahawa na kurudi. Na kipande cha asubuhi, kabla ya kuwasha pikipiki, ni cha kutembea.

Mzee wangu, shikamoo. Anasema alipigwa picha, akaambiwa pingili zimesagika, na kwa hiyo itabidi anyooshwe kila wiki mpaka mwisho wa maisha yake. Mzee, una miaka zaidi ya 60, sivyo? Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa picha za migongo ya watu ambao hawaumwi mgongo. Katika vijana wa miaka 20, watu 37 katika 100 tayari diski zao zilionyesha kuchakaa. Katika wazee wa miaka 80, watu 96 katika 100. Na wote hao walikuwa wazima! Kusagika kunakoonekana kwenye picha ni mvi za ndani, na hakuna anayenyoosha mvi. Picha yako niletee niione, na wewe mwenyewe nikupime miguu na nguvu zake. Lakini kwa neno hilo moja la kusagika usilipe kila wiki. Siku ukinyooshwa ukapata nafuu, itumie nafuu hiyo kutembea.

Godoro? La ugumu wa wastani. Si sakafu, si sponji inayokumeza. Linalofuata.

Hapana, siuzi dawa.

Naona lori la barafu limekata kona. Wenye ganzi, miguu kulegea, homa za jioni au kupungua uzito, njooni hapa kwangu kwenye turubai kwanza, mmojammoja, na tutaandika barua za hospitali. Wengine jipangeni mchangani kwa yale mazoezi matatu. Akina mama upande huu wa kivuli, wachukuzi mbele nionane nanyi, na mwenyekiti naye avue viatu.